Atakayeingia Naye Leba

"Hatakusikia ukimwita."

Mama mtu aliyatamka hayo akiwa ameegemea mlango wa jikoni, mikono kaikunja kifuani, wala sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ndiyo maana maneno yalimchoma binti yake. Angefoka, angefokewa. Lakini mama alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Binti mwenyewe watu walimwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti. Mwaka wa sita sasa alikuwa akikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya kituo kikuu cha mabasi, akiwatangazia abiria magari yao na milango yao. Alikuwa na sauti ambayo mtu aliyesinzia juu ya mzigo wake akiisikia huamka akitabasamu, akidhani ni yeye peke yake aliyeitwa. Kipaza aliringia sauti ile bila haya. Kisha, katika wanaume wote waliopita chini ya kibanda chake, akampenda mmoja ambaye hakuwahi kuisikia hata siku moja.

Ilikuwa hivi. Yule bwana alikuwa fundi wa makochi, na kila Jumanne alipeleka mito ya viti mji wa pili. Jumanne moja basi likabadilishiwa mlango. Kipaza akatangaza mara tatu, abiria wote wakahama, akabaki mmoja tu na mito yake, kasimama wima kama nguzo. Kipaza akapandwa na hasira, akashuka ngazi kwenda kumuuliza kiburi hicho kakitoa wapi. Alipomfikia, yule mtu akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, akacheka. Kipaza hakuwahi kutazamwa namna ile. Mtu alimsikiliza kwa uso mzima, kwa nyusi, kwa mabega. Siku hiyo hakurudi kibandani mpaka basi lilipoondoka, na baada ya miezi minane mikono yake ilishajua kutania, kununa na kubembeleza.

Mama alipinga kwa nguvu zote. "Utaolewa na mtu unayemwita kwa kupiga meza?" Yakasemwa, yakaisha, wakaoana. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na mama alishamzoea mkwewe, ila ishara hakujifunza hata moja. Akitaka kumwambia jambo alimpigia kelele kana kwamba Fundi yuko ng'ambo ya barabara. Fundi, ambaye alisoma midomo vizuri tu, alimsubiri amalize, akaitikia kwa kichwa kwa adabu.

Asubuhi hiyo ya Jumapili mimba ilikuwa na wiki thelathini na sita. Mezani mbele ya Kipaza kulikuwa na karatasi aliyopewa kliniki, juu yake imeandikwa kwa herufi nene: Mpango wa Kujifungua. Hospitali alishajaza. Gari la kumpeleka, jirani mwenye teksi, alishajaza. Watu wawili wa kumtolea damu ikibidi, alishajaza. Mstari wa nne uliuliza ni nani mmoja atakayekuwa naye chumbani, na hapo tangu Ijumaa paliandikwa "Mume wangu."

"Mama, anasoma midomo," alisema.

"Leba wanavaa barakoa. Atasoma midomo ya nani?"

"Nitasema naye kwa mikono."

"Mikono!" Mama akaja akaketi kando yake. "Mwanangu, uchungu wa kuzaa unausikia kwa watu tu. Mikono hiyo itakuwa imeng'ang'ania vyuma vya kitanda. Simchukii mumeo, Mungu ananiona. Ila saa hiyo mtu anahitaji mwenye masikio. Nakuomba."

Kipaza alikuwa hajawahi kusikia mama yake akitumia neno hilo. Mama alijua kuamuru, kufokea, kususa, kuomba hakukuwemo. Na, tuseme kweli, hofu ile ile ilishamtembelea yeye mwenyewe mara mbili tatu akiwa peke yake bafuni. Akainama. Akayakata yale maneno mawili kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: "Mama mzazi."

Wino haujakauka, Fundi akaingia kutoka uani, vumbi la sponji limemganda kwenye nyusi. Alikuja kuchukua maji. Akapita nyuma ya mkewe, akamwekea mkono begani kama kawaida yake, na macho yake yakashukia karatasi.

Mkono ukatoka begani.

"Umekosea kuandika?" aliuliza kwa ishara, akimtazama usoni.

"Hapana. Ni kwa usalama."

"Wa nani?"

Kipaza aliifunika karatasi kwa kiganja. Kwa watu wanaoongea kwa macho, kugeuza uso ni sawa na kuufunga mlango kwa komeo. Fundi akageuza uso, akanywa maji yake, akarudi uani.

Siku mbili zilizofuata alimfanyia kila kitu. Alimwoshea miguu iliyovimba, alimkatia matunda, alimwekea mto mgongoni. Ila hakumtazama. Kipaza alipiga meza, alikanyaga sakafu kwa kisigino ili mtikisiko umfikie, alisimama mbele yake na tumbo lake lote. Fundi alitabasamu kidogo, akatazama tumbo, akapita. Jumatatu alitoka na futi yake ya fundi shingoni, akarudi adhuhuri, asiseme alikokuwa. Kipaza alitamani agombane naye. Angevunja hata sahani ilimradi amtazame.

Jumanne ndiyo siku ya kupeleka mpango kliniki, pale pale hospitali. Kipaza alipotoka chumbani alimkuta mumewe mlangoni, kavaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Mama naye alishafika, kitambaa kipya kichwani. Wakaongozana watatu, kila mmoja na lake moyoni.

Chumba cha mkunga kilikuwa kidogo, kina meza ya bati, mizani, na kitanda chembamba chenye shuka la kijani. Mkunga alikuwa mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, penseli kaichomeka kwenye nywele. Alimpima Kipaza presha, akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema, "Huyu anacheza ngoma huko ndani," kisha akaichukua ile karatasi.

"Hapa umekata."

"Ataingia na mimi," mama alidakia. "Baba mtoto hasikii, sista. Unaona mwenyewe."

"Ooh." Mkunga akamgeukia Kipaza. "Basi mwambie mumeo asijisikie vibaya. Wanaume wengi hata hawa wanaosikia huwa wanazimia tu wanatuongezea kazi. Mwambie…"

Kofi jepesi likapigwa mezani. Si la hasira. Lilikuwa la mtu anayebisha hodi. Wote wakamtazama Fundi. Akajinyooshea kidole kifuani, akaunyooshea mdomo wa mkunga, na kwa ile sauti yake nzito ambayo aliitoa mara chache sana mbele za watu, akasema neno moja: "Mimi."

"Anataka useme naye yeye mwenyewe," Kipaza alisema, na uso ukamwaka moto kwa aibu, maana mpaka mimba hiyo ilipofika wiki ya thelathini na sita hakuna aliyekuwa amempa mumewe nafasi hiyo, hata yeye.

Fundi akatoa mfukoni karatasi nne zilizokunjwa, akazinyoosha mbele ya mkunga. Ya kwanza ilikuwa mchoro. Kipaza aliufahamu mkono ule. Ndivyo alivyochora makochi, kwa penseli kali na vipimo pembeni. Ila hili halikuwa kochi. Kilikuwa chumba.

"Hii ni leba yangu!" Mkunga akavuta kiti. "Uliingia lini?"

Fundi akaandika pembeni, mkunga akasoma: "Jana. Chumba kilikuwa kitupu. Mlinzi aliniruhusu dakika kumi, nilivua viatu."

Basi mkunga akaanza kusoma kurasa zilizobaki kwa sauti, mwanzoni haraka haraka kama mtu mwenye foleni nje, kisha akipunguza mwendo.

"'Kitanda kiko futi tatu kutoka ukutani. Nikisimama upande wa dirisha, karibu na bega lake la kulia, nitauona uso wa mke wangu na uso wako kwa pamoja bila kuwazuia njia. Naomba taa ya juu isizimwe, maana kwenye giza mimi ndipo huwa kiziwi.'" Mkunga akakohoa. "'Mke wangu huongea nami kwa mkono wa kulia. Naomba dripu iwekwe mkono wa kushoto, na isifungwe kwenye vidole.'"

Akaitoa penseli kwenye nywele bila sababu, akairudisha.

"Miaka ishirini na miwili nawawekea wanawake dripu," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza ni mkono gani unaoongea."

Kipaza aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya tumbo. Yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria hilo. Mwenye mkono hakuufikiria! Alitamani dirisha la chumba kile lifunguliwe na kipaza sauti kiletwe, awatangazie wote waliokuwa kwenye foleni: huyu hapa, mtazameni, huyu ni wangu.

Mkunga akaendelea. "'Kwa sababu ya barakoa, nimekuandikia kadi kumi na mbili kwa herufi kubwa. Ninyooshee tu. Pumua. Ngoja. Sukuma. Mletee maji. Daktari anakuja. Kadi moja imeandikwa Toka nje. Ukiniinulia hiyo nitatoka bila kuuliza, hata kama moyo haupendi. Ikibidi apasuliwe, niandikieni sababu kwa sentensi moja, nasoma haraka.'"

"Yote ni mazuri," mama alisema ghafla, na sauti yake ilikuwa imepasuka mahali. "Mazuri sana. Kadi, michoro. Lakini akiita je? Huyu mwanangu akiita, na wewe sista umetoka kwenda kwa mwingine? Eh?"

"Mama, tulia," Kipaza alisema.

"Sitatulia! Mimi niliita!"

Mkunga akaishusha karatasi. Fundi, aliyeyaona maneno yale midomoni, akainama mbele asikose yatakayofuata.

"Niliita mara ngapi, sijui," mama alisema, akitazama mizani badala ya watu. "Nilikuwa peke yangu chumbani. Nyuma ya ukuta nasikia watu wanaongea, nasikia vijiko kwenye vikombe. Naita, hawaji. Nikakuzaa kwa mikono yangu hii, mwanangu. Nilikudaka mwenyewe usianguke. Walipokuja ulishakuwa unalia kifuani kwangu, na mimi sina sauti tena."

"Uliniambia ulinizaa bila shida."

"Ningekwambiaje vingine?"

Kipaza alimgeukia mumewe, akamtafsiria yale ambayo hakuyapata. Ilibidi arudie neno "peke yangu" mara mbili. Fundi alitazama mpaka mwisho. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akasogeza kiti chake mpaka mbele ya mama mkwe, magoti karibu yagusane, akaanza kusema naye yeye, kwa mikono, taratibu, akijua kwamba haelewi.

Kipaza akasimama nyuma ya mumewe, akaitoa ile sauti yake. Si ile ya kibandani yenye mbwembwe. Aliitoa safi, akamwazima.

"Mama," alisema, mikono ya Fundi ikitangulia na sauti yake ikifuata, "wale waliokuwa nyuma ya ukuta walikuwa na masikio. Wewe uliita, wao wakangoja kuitwa tena. Mimi sijawahi kuitwa na mtu tangu nizaliwe. Mtu akinihitaji ni lazima niwe nimeshamwona. Nimeishi hivyo miaka thelathini na minne. Mwanao akikunja uso akiwa usingizini mimi najua. Nikiwa chumbani mle sitakaa kusubiri aite."

Mama alitazama mikono ile mikubwa yenye alama za sindano na nyundo. Aliitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mdomo.

"Lakini," Kipaza aliendelea kutafsiri, "wewe ni mama yake, na yaliyokupata si madogo. Akiona wewe ndiye utakayemtia nguvu, nitakaa nje na sitanuna. Ila aseme yeye. Siku mbili hizi nimenuna kwa sababu hakusema, alikata."

Fundi akageuka. Akamtazama mkewe.

Siku mbili Kipaza alikuwa na kiu ya macho yale, na sasa yakamjia yote kwa mara moja. Hayakuwa na lawama. Yalikuwa yanasubiri tu, wazi, kama yalivyosubiri siku ile ya mito na basi lililohama.

"Niliogopa," alimwambia kwa ishara. "Nikamwogopea mama, nikajiogopea mimi. Wewe sikukuuliza. Nisamehe."

"Sasa niulize."

"Utaingia na mimi?"

Fundi hakujibu kwa mikono. Aliitikia kwa kichwa mara moja, na machozi yakamdondoka kwenye lile shati la pasi.

"Jamani," mkunga alisema, akijifuta pua kwa nyuma ya mkono, "hapa si ukumbi wa harusi. Nina kina mama kumi na wanane nje. Niandike nani?"

Kipaza alinyoosha mkono kuchukua kalamu, lakini mama akaiwahi. Akaikamata ile karatasi. Akakata "Mama mzazi" kwa mistari mitatu mizito, kama mtu anayeua mdudu, akaandika juu yake kwa herufi za kutosha kusomwa kutoka barabarani: MUME WAKE.

"Mimi nitakaa kwenye benchi," alisema. "Ila benchi la karibu na mlango. Hilo nalo andika, sista."

Na mkunga akaandika.

Uchungu ulimkamata Kipaza Alhamisi asubuhi, siku kumi na sita baadaye, akiwa anaanika nguo. Mtu akipanga mambo ya kuzaa, mtoto naye huwa ana mpango wake. Jirani mwenye teksi alikuwa safarini, ikabidi waende na gari la kubebea makochi. Walipofika, yule mkunga wao alikuwa anamhudumia mwingine, na nesi mgeni aliyempokea alishaukamata mkono wa kulia, sindano tayari. Kipaza hakuweza kusema neno. Wimbi lilikuwa limemfunika. Fundi akauweka mkono wake mwenyewe juu ya ule wa mkewe, taratibu, akamwonyesha nesi mkono wa kushoto, akamwonyesha karatasi. Nesi akasoma, akahamia upande wa pili.

Saa sita nzima alisimama kwenye zile futi tatu kati ya kitanda na ukuta. Hakuketi. Mkunga alipofika na kuinua kadi, aliisoma kabla haijafika juu. Wimbi lilipoanza kujikusanya, kabla Kipaza hajaguna, Fundi alikuwa ameshamwinamia, akimhesabia pumzi kwa vidole. Ile sauti ambayo ilijaza kituo kizima cha mabasi iliisha mapema, ikabaki mkwaruzo. Mkono wa kulia ukaendelea kusema.

"Siwezi."

"Unaweza. Nakuona unavyoweza."

"Usiangalie pembeni."

"Sijaangalia pembeni tangu asubuhi."

Kadi ya SUKUMA ikainuka. Kipaza alimkazia macho mumewe, akasukuma, akasukuma tena, na katika ule wa mwisho alikuwa hasikii mkunga wala nesi wala kelele zake mwenyewe. Kwa muda ule wote wawili walikuwa viziwi, na walielewana kila neno.

Mtoto alikuwa wa kike. Alipotoa kilio chake cha kwanza, Fundi alikuwa ameshaona kinywa kimefunguka. Akamwekea kiganja mgongoni, kiganja kizima, na Kipaza akaona uso wa mumewe ukibadilika jinsi mtetemo ulivyompanda mkononi.

"Analia kwa nguvu?" aliuliza kwa mkono uliobaki.

"Atanipokonya kazi."

Fundi akacheka huku akilia, hajui la kufanya kwanza. Ndipo Kipaza alipogeuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Nini?" Fundi aliuliza.

Nyuma ya mlango, kwenye benchi, mama alikuwa akiongea na wanawake wengine, na hakuwa ananong'ona. Mwanamke mmoja alikuwa amemuuliza binti yake kaingia na nani.

"Mume wake!" mama alikuwa akijibu, kifua mbele, sauti ikigonga kuta. "Mkwe wangu. Yumo ndani tangu saa mbili, hajatoka hata kunywa maji. Ndiye aliyekipima chumba kile kwa futi. Ndiye aliyewafundisha dripu inawekwa mkono gani. Hasikii, ndiyo, hasikii, na nyie wenye waume wanaosikia, wako wapi?"

"Mama anasema nini?" Fundi aliuliza tena.

"Anajisifu."

"Kwa mtoto?"

Kipaza akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole, akamgusa mumewe katikati ya kifua.

Fundi alipatazama pale alipoguswa, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito na bado anatafuta namna ya kukishika. Kisha akampokea binti yake kutoka kwa mkunga, akamfunika vizuri, akainyoosha kola ya shati lake lililoloa jasho, akaenda kuufungua mlango.